Mawe ya Shimo la Wanu

Mtengani ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Chwaka na Paje. Wanaume wa Mtengani huvua. Wanawake husokota kamba.

Kazi ya kamba haimalizwi kwa siku moja. Mwanamke hukusanya makumbi, yale maganda ya nje ya nazi. Huyachukua pwani maji yakitoka. Huchimba shimo kwenye tope, huyafukia, na juu yake na kandoni huweka mawe mazito ili bahari isiyachukue. Makumbi hukaa humo miezi mingi mpaka yalainike. Kisha huyafukua, huyapiga kwa gongo, hupata nyuzi. Nyuzi hizo ndizo husokotwa kamba.

Mashimo ya Mtengani yamekaa ubavu kwa ubavu. Mawe ya shimo lako ndiyo ukuta wa shimo la jirani yako.

Kazija alikuwa msokotaji wa siku nyingi. Kila asubuhi alikaa ukumbini kwake, miguu kainyoosha, viganja vinakwenda. Lakini mwaka ule wa 1971 alikuwa na jambo linamla roho. Jambo hilo lilikuwa na jina, na jina lake ni Wanu.

Wanu alikuwa mke mwenzake. Machano, mume wao, alimwoa Kazija kwanza. Miaka ikapita, akamwoa Wanu. Nyumba zao zilitazamana. Kazija alijua Wanu kapika nini. Alijua kafua nini. Machano akicheka kule, Kazija huku mkono unasimama kusokota mpaka kicheko kiishe.

Asubuhi moja jirani yake, Borafya, alipita na mzigo wa kamba kichwani. Borafya alikuwa mjane, mpole, mwenye sauti ndogo.

"Hujambo, Bi Kazija?"

"Sijambo. Unapeleka kupimwa?"

"Nnapeleka. Sijui leo itakuwaje. Mara iliyopita nilirudishiwa zote, daraja la pili."

"Na za Wanu?"

Borafya alitazama chini. "Daraja la kwanza."

"Zote?"

"Zote."

"Bora umeniambia nikiwa nimekaa," alisema Kazija.

Ushirika wa kijiji ndio ulionunua kamba na kuzipeleka mjini kwa lori. Kamba za daraja la kwanza zilipakiwa. Za daraja la pili zilirudi kwa mwenyewe akafungie mbuzi. Mpimaji alikuwa Mzee Nahodha. Ujana wake wote aliupitisha vyomboni, baharini, na kamba alizijua. Lakini Nahodha alikuwa mjomba wake Wanu. Tena hakupimia uwanjani. Alipimia uani kwa Wanu, penye kivuli, mlango umerudishwa. Wanawake waliacha mizigo mlangoni wakangoja nje. Hawakuona kamba ikivutwa. Walisikia sauti tu: hii ya kwanza, hii ya pili.

Siku hiyo kamba za Borafya zilirudi tena. Na nusu ya kamba za Kazija zilirudi pia.

Kazija alivaa buibui lake akaenda kwa Bwana Muhiddin, mwenyekiti wa ushirika. Alimkuta barazani na wenzake.

"Shikamoo, Bwana Muhiddin."

"Marahaba, Bi Kazija. Karibu. Una neno?"

"Nna neno. Kwa nini kamba zinapimwa uani kwa Wanu?"

"Kwa sababu pana kivuli."

"Hata nje ya ghala la ushirika pana kivuli. Na nje ya ghala kila mtu anaona."

Muhiddin aliwatazama wenzake. "Bi Kazija, tuambiane kweli. Ua ule ungekuwa wako, ungekuja kuniuliza?"

Watu wakacheka. Mmoja wao, Mmanga, hakutosheka na kucheka. "Hapo hapana kamba, mama," alisema. "Hapo pana ukewenza. Mwambie Machano akuongezee zamu."

Kazija aliondoka bila ya kuaga.

Muhiddin alikosea. Ni kweli Kazija alikuwa na wivu, na kijiji kizima kilijua. Lakini swali lake lilikuwa swali. Hata mwenye wivu anaweza kuona mlango uliofungwa.

Njiani Kazija alipita kwa Bi Time. Huyu alikuwa jirani yake, mwanamke wa makamo. Zamani aliishi mjini, akifanya kazi ya kuchambua karafuu kwenye ghala moja kule Malindi. Sasa alikuwa akisomesha kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye ukumbi wa skuli.

"Wamenicheka," alisema Kazija.

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na ulitaja nini?"

"Nilimtaja Wanu."

"Basi umewapa cha kucheka. Rudi na wenzako. Semeni mnataka kamba zipimwe mbele ya watu. Jina la Wanu liache nyumbani."

"Nitaliachaje, Bi Time? Ndilo linalonichoma."

"Likuchome, lakini usilichukue kwa mwenyekiti."

Kazija alisikia, lakini hakushika. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake wengi walikuwa na hasira zao za kamba zilizorudi, kwa hiyo hawakuhitaji kubembelezwa. Siku ya bamvua, maji yalipotoka mbali kabisa, walitoka na madebe na masufuria. Walipita njia kubwa ya kijiji wakiimba:

*Kamba ivutwe tuone,*
*kamba ivutwe tuone,*
*ya kwanza tuijue,*
*ya pili tuijue.*

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Watu walitoka milangoni. Hata wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha. "Wana haki hawa," alisema mmoja.

Kisha walifika mbele ya nyumba ya Wanu. Kazija aliona kanga mpya imeanikwa kambani. Alijua nani kainunua. Papo hapo akaugeuza wimbo:

*Wanu kivuli chako kitamu,*
*mjomba wako na mumeo wote wamo ndani.*

Wanawake wengine waliangua kicheko. Wengine walinyamaza. Waliobaki walipiga madebe kwa nguvu zaidi. Njia yote iliziba. Kijana aliyekuwa akimpeleka baba yake mgonjwa kwa baiskeli ilimbidi azunguke nyuma ya makaburi.

Wanu alifungua mlango, akasimama kizingitini. Midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa akisema neno, lakini nani atalisikia katika madebe yale?

"Twendeni pwani," alisema Kazija.

Walishuka mpaka penye mashimo. Kazija aliinama, akalitia mikono jiwe la kwanza la shimo la Wanu, akalitupa. Mwingine akatupa la pili. Borafya alikuwa nyuma yao, sufuria mkononi.

"Bi Kazija, mawe hayo ni yetu sote," alisema. "Na upande wangu yamo."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Na madebe hayakusimama.

Maji ya bamvua yakirudi hayarudi polepole. Asubuhi ya pili pwani yote ilikuwa imetapakaa makumbi. Mengine yalikuwa yameshapelekwa mbali, yanaelea kama vichwa vya watu. Shimo la Wanu lilikuwa tupu. La Borafya, lililokuwa kando yake, lilikuwa tupu pia. La Kazija mwenyewe lilibaki nusu.

Kazija alimkuta Borafya kachutama majini, anaokota kumbi moja moja na kulitia kikapuni.

"Haya ndiyo niliyoyategemea mfunguo mosi, Ramadhani ikisha," alisema Borafya bila ya kuinua uso. "Mimi niliimba na nyinyi, Bi Kazija. Niliimba kweli. Shimo langu lilikukosea nini?"

Kazija alichutama kando yake, akaanza kuokota naye.

Adhuhuri Muhiddin alisimama mbele ya ghala. Hakuwa akicheka siku hiyo. "Kuanzia leo sitaki kuona wanawake wamekusanyika," alisema. "Si pwani, si kisimani. Wote waliotoka na madebe, ushirika hautachukua kamba zao. Na habari naipeleka polisi."

Basi mambo yakawa hayo. Kamba za Borafya na wenzake hazitapanda lori. Makumbi yake hayapo. Na swali la mlango wa uani, lililokuwa swali la haki, sasa hakuna aliyetaka hata kulisikia.

Mchana Machano alikuja kula kwa Kazija, maana ilikuwa zamu yake. Alikaa mkekani.

"Husemi kitu?" aliuliza Kazija.

"Nshasikia kwa Wanu. Nshasikia ghalani. Nshasikia msikitini. Nipakulie wali, mke wangu, maneno yamenishibisha lakini tumbo halijui."

Alikula, akanawa, akaondoka. Nyuma yake aliingia Bi Time. Hakungoja kukaribishwa.

"Nimekosa," alisema Kazija kabla ya kuulizwa. "Lakini mlango ulikuwa umefungwa kweli."

"Ulikuwa umefungwa kweli. Na shimo umelivunja kweli. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti la pili."

"Sasa ninyamaze?"

"Nani kakwambia unyamaze?" Bi Time alikaa. "Nikupe habari ya mjini. Sisi wachambuaji karafuu tulikuwa na msimamizi, akitukata ujira kwa kosa asilotuonyesha. Siku ya kwanza tulikwenda kwake na matusi. Tukamtukana yeye na mama yake. Tukawazuia mlangoni wenzetu waliotaka kufanya kazi. Unajua ilikuwaje?"

"Ilikuwaje?"

"Watu wote walizungumza matusi yetu. Ujira hakuna aliyeuzungumza. Tukarudi nyumbani tukakaa, tukafikiri. Mara ya pili tulichagua watatu wa kusema. Tukawaambia wakubwa mapema siku gani tutakuja. Tulikaa uwanjani, njia tukaiacha wazi, asiyetaka kuwa na sisi alipita zake na hatukumsonya. Tukasema jambo moja tu: tuonyeshwe kosa."

"Wakakubali?"

"Si siku ile. Ilichukua muda, na mimi nilichoka. Lakini walipokosa matusi ya kuzungumza, ikawabidi wazungumze ujira."

Kazija aliokota uzi wa kumbi sakafuni akauzungusha kidoleni.

"Kulalamika ni haki yako," aliendelea Bi Time. "Kukusanyika na wenzako kwa amani ni haki yako. Hata kuimba, imba: wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri, mimi mwenyewe niliuitikia ndani. Lakini haki yako inaishia mlangoni kwa mwenzio. Kumtukana nyumbani kwake, kumzibia mgonjwa njia, kuvunja mali, hayo si malalamiko. Hayo ni dhuluma mpya juu ya dhuluma ya zamani."

"Nianzie wapi?"

"Unapajua pa kuanzia. Pana kanga imeanikwa."

Ilimchukua Kazija muda kuvuka ile njia nyembamba. Alisimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," alijibu Wanu kutoka ndani. "Debe umeliacha wapi leo?"

"Nimeliacha." Kazija aliingia akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Wanu, nimekuvunjia shimo lako. Nimekutukana mbele ya watu. Nimekuja kukutaka radhi."

Wanu aliendelea kuchagua mchele. "Siku ile nilisimama mlangoni nikasema. Unajua nilisema nini?"

"Sikusikia."

"Nilisema, jamani, hata mimi sitaki kamba uani kwangu. Siku ya kupima sipati pa kufulia, sipati pa kupikia. Mjomba aliambiwa na Muhiddin, na mimi sikuulizwa. Ungenyamazisha madebe kidogo ungenipata upande wako."

Kazija aliweka mkono shavuni. "Nna wivu na wewe, Wanu."

"Najua. Unadhani mimi sina? Wewe ulimpata Machano ana meno yote."

Kazija hakutaka kucheka. Lakini alicheka, na Wanu akacheka, na kwa muda hakuna aliyemtazama mwenziwe usoni.

Kesho yake wanawake watatu walikwenda kwa Muhiddin: Kazija, Borafya na Wanu. Bi Time alifuata nyuma. Muhiddin alipowaona wake wa Machano wako pamoja, alikaa wima. Mmanga naye alikuwepo, na safari hii alitafuna tambuu yake kimya.

Kazija alisema kwanza. "Bwana Muhiddin, mawe niliyaondoa mimi. Shimo la Wanu na la Borafya tutayajaza sisi tuliokwenda. Hilo ni kosa letu na tutalilipa. Lakini ombi letu liko pale pale. Tunataka kamba zipimwe uwanjani, mwenye kamba anaona."

"Na mimi naliomba hilo hilo," alisema Wanu.

"Baada ya fujo ile?" Muhiddin aliuliza. "Kazi yangu mimi ni kutunza amani ya kijiji. Nikiwaruhusu leo, kesho watavunja ghala."

Hapo Bi Time aliingia. "Amani utunze, Bwana Muhiddin. Aliyevunja alipe, na wamesema watalipa. Lakini hukumkanya aliyevunja tu. Umewakataza wanawake wote wasikutane, hata kisimani. Umewanyima soko hata walioimba tu. Bi Kazija alikuja hapa peke yake, kwa adabu, na shikamoo yake. Mlimfanya nini?"

Muhiddin alimtazama Mmanga.

"Mlimcheka. Angesikilizwa siku ile, shimo la Borafya lingekuwa na makumbi mpaka leo. Kiongozi akiwa hastahamili swali, watu wanaacha kuuliza, wanaanza kutupa mawe."

Muhiddin alijikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kiburi, lakini hakuwa mbaya. "Mimi na Mmanga tulicheka," alisema hatimaye. "Lile si jibu alilolistahiki." Akamgeukia Mzee Nahodha, aliyekuwa kaitwa. "Unasemaje, mzee?"

Nahodha alikuwa amenuna. "Maisha yangu yote napima kamba. Leo nisimamiwe na wanawake kama mwizi?"

"Hakuna aliyekwita mwizi, mjomba," alisema Wanu. "Wewe unavuta kamba, na wao wanatazama. Mkono wako ni ule ule."

Walizungumza mpaka alasiri. Walikubaliana hivi. Kamba zitapimwa nje ya ghala, mbele ya wenyewe. Nahodha atapima pamoja na Bi Makungu, msokotaji aliyechaguliwa na wasokotaji wenzake. Asiyeridhika ataomba kamba yake ivutwe tena. Wenye malalamiko wanaweza kukutana na kuandamana, ila watamwarifu mwenyekiti mapema, njia wataiacha wazi, na hawatagusa mali ya mtu wala mlango wa mtu. Muhiddin naye aliliondoa katazo lake, habari ya polisi akaiacha, na kamba zote zikaruhusiwa kuja kupimwa.

Bamvua iliyofuata wanawake walishuka tena pwani, bila ya madebe. Kila aliyekwenda siku ya fujo alitoa kikapu cha makumbi katika shimo lake kujazia la Wanu na la Borafya. Kazija ndiye aliyebeba mawe. Aliyabeba mpaka kiuno kikamkataa, na Wanu alimwonyesha pa kuyaweka, na hakumwambia basi inatosha.

Siku ya lori uwanja ulijaa. Jua lilikuwa kali. Nahodha alishika ncha moja ya kamba, Bi Makungu akashika ya pili, wakavuta.

Za Wanu zilivutwa, zikakaza. Daraja la kwanza. Kazija aliona mwenyewe. Zilikuwa kamba nzuri, hapana la kusema.

Zikaja zake. Baadhi zilipita. Nyingine zilipovutwa nyuzi ziliteleza na kufunguka mbele ya macho yake. Alijua zilisokotwa lini. Ni zile alizosokota asubuhi akisikiliza vicheko vya ng'ambo.

"Ya pili," alisema Nahodha, akamtazama akingoja ugomvi.

"Ya pili," alisema Kazija. "Nimeona."

Kisha zikaja kamba za Borafya. Zilikuwa nyeusi, kwa sababu shimo lake lilikuwa kwenye tope jeusi. Nahodha alizitia pembeni kwa mazoea.

"Hujazivuta," alisema Bi Makungu.

"Zimeoza hizi. Tazama rangi."

"Tuzivute, mzee. Ndiyo makubaliano."

Walivuta. Kamba haikutoa hata uzi. Walivuta tena, Mmanga akasaidia, na kamba iliimba mikononi mwao. Nahodha aliigeuza juani, akaipitishia kidole kwa muda mrefu. Alikuwa mzee mwenye kiburi na kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomzuia kusema uwongo.

"Kule uani kulikuwa na kiza," alisema. "Nilikuwa nikiona weusi nikidhani ni uozo. Hii ni daraja la kwanza. Hizi zote ni daraja la kwanza. Bi Borafya, niwie radhi."

Borafya alijifunika uso kwa ncha ya kanga.

Kwa hiyo hapakuwa na upendeleo kama Kazija alivyodhani. Lakini mlango uliofungwa ulikuwa ukimdhulumu mtu kweli, na mtu huyo alikuwa yule asiyepiga kelele.

Lori lilipoanza kupakiwa, kamba nyeusi zilikuwa juu kabisa. Kazija alisimama kuzitazama, mikono kiunoni. Bi Time alimsogelea.

"Mbona umenuna tena? Haki mmeipata."

"Tumeipata, na nimefurahi. Lakini wivu nnao."

"Kwa Wanu?"

"Wanu nshamsahau. Kwa Borafya."

Bi Time alicheka mpaka akashika ubavu. Kazija hakumngoja amalize. Alifunga vizuri kanga yake, akamfuata Borafya njiani.

"Borafya, nisubiri," aliita. "Jioni una kazi? Nataka nije nikae na wewe, unionyeshe unavyokaza mkono."

"Njoo," alisema Borafya, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka kwenye lori. "Ila uje na makumbi yako."